Fleksibo ilipasuka saa nane usiku: kisa kizima, kuanzia taa inayodondosha maji mpaka fundi wa dharura aliyekuja tanki likiwa limeshakauka

Hiki kisa ni cha nyumbani kwa dada yangu, na nimekaa nacho wiki kadhaa kabla ya kukiandika, kwa sababu nilitaka kwanza nijue nini hasa kilitokea, nani alikosea wapi na mimi mwenyewe niliyekuwa kwenye simu nilichelewa kusema nini. Mi sio fundi bomba. Nimesimamia nyumba za kupangisha kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nimeshapigiwa simu za usiku za maji zaidi ya nilivyotaka, na karibu zote zinafanana kitu kimoja, mtu anatafuta fundi kabla hajatafuta koki.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja. Maji yanaingia kupitia mita nje, yanapanda tanki la lita 1,000 lililoko juu ya paa, halafu kuna pampu ndogo ya presha inayoyasukuma kushuka bafuni ili shawa iwe na nguvu. Shikeni hilo la pampu, litarudi. Bafu la juu lina sinki la kunawia lenye kabati chini yake, na ndani ya kabati ndo kuna zile hozi mbili za kusukwa kwa waya, wengi wetu tunaziita fleksibo, moja ya maji baridi na moja ya moto.

Saa nane na robo usiku dada aliamshwa na sauti ya matone, akidhani mvua. Akashuka sebuleni, akawasha taa, na kweli taa ikawaka huku maji yakishuka kwenye waya wake, tone kwa tone, na dari pembeni yake limevimba kama tumbo. Akapanda mbio bafuni, akakuta kabati limefunguka lenyewe kwa nguvu ya maji na sakafu yote inaelea. Akaingiza mkono kwenye engo valvu, ile koki ndogo ya ukutani ambayo fleksibo inafungwa, akazungusha, mkono wa koki ukakatika akabaki nao kiganjani. Ile koki ilikuwa haijaguswa tangu ifungwe ukutani. Akashuka tena, akatoka nje kwenye mita, akafunga geti valvu mpaka mwisho, akarudi ndani, maji bado yanamwagika vilevile. Hapo ndo akaishiwa nguvu. Akatafuta kwenye simu fundi wa dharura, akapiga namba ya kwanza iliyopokelewa, akasema maji yanamwagika nyumba nzima njoo haraka, yule akamwambia "tulia mama, gari linatoka sasa hivi, bei tutaongea nikifika," akakata. Ndo akanipigia mimi.

"Kaka, nimefunga mita na maji hayakati, ile koki ya nje imekufa!"

Nataka nisimame hapa kidogo maana hapa ndipo kisa chote kilipo. Yeye alikuwa na uhakika valvu ya nje ni mbovu, na mtu yeyote angefikiri hivo, umefunga na maji yanaendelea, si mbovu? Lakini mi swali langu la kwanza halikuwa la maji, nilimuuliza taa. Akasema imewaka, inadondosha. Nikamwambia achana na maji kabisa, boksi la umeme liko wapi na sakafu ya hapo ikoje. Liko koridoni chini, pakavu. Nikamwambia vaa ndala, shika tochi ya simu, mkono mkavu, zima meni swichi, sio taa ya sebule peke yake, yote. Na hapa niseme wazi, kama koridoni kungekuwa na maji chini ya boksi nisingemruhusu aliguse, ningemwambia atoe watoto nje na apige simu kwa watu wa umeme, maana kusimama kwenye maji na kugusa swichi ni njia ya kupoteza mtu kwa ajili ya sakafu. Alipita mbele ya lile boksi mara tatu usiku ule akikimbia juu na chini. Hilo ndo kosa kubwa kuliko yote na ndo ninalolisema la kwanza.

Akazima. Sekunde chache kimya, halafu nasikia anapiga kelele toka juu, "Imepungua! Kaka imepungua!"

Kwa nini maji yapungue kwa kuzima umeme? Kwa sababu ya pampu. Zile pampu za presha zinajiwasha zenyewe zikihisi maji yanatembea au presha imeshuka, ndo maana ukifungua shawa inaunguruma bila mtu kuigusa. Sasa hozi ikipasuka, kwa pampu hiyo ni sawa na shawa iliyofunguliwa, haijui tofauti, itasukuma tu usiku kucha. Dada anasema aliisikia inaunguruma tangu anaamka na hakuiwazia. Baada ya kuzima nikamwambia aweke ndoo ya lita 10 kwenye mdomo wa ile hozi ahesabu, ikajaa kwa sekunde kama 75, yaani lita 8 hivi kwa dakika. Kabla ya hapo ilikuwa inakuja kwa kasi ambayo asingeweza hata kuweka ndoo.

Lakini bado lita 8 kwa dakika zinashuka juu ya dari la jipsamu, na lita moja ya maji ni kilo moja, piga hesabu mwenyewe dakika kumi ni uzito gani umekaa pale juu.

Jaribio lililofuata ni dogo sana na ningependa kila mtu mwenye nyumba alijue. Nikamwambia atoke nje afungue koki ya bustani. Ikatoa maji sekunde chache, ikakohoa, ikakauka. Basi, geti valvu ya nje haijafa! Ile koki ya bustani inachukua maji moja kwa moja toka kwenye mita, na imekauka, maana yake mita imefungwa sawasawa. Kinachomwagika bafuni kinatoka sehemu nyingine, na nyumba ile sehemu nyingine ni moja tu, tanki la juu. Kufunga mita kulizuia tanki lisijazwe tena na boya, ile koki ya ndani ya tanki inayojifungua maji yakishuka, na hilo lilikuwa jambo zuri, ila yale mamia ya lita yaliyokuwa tayari ndani hayakuwa na habari na mita. Miaka anayokaa pale hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyumba yake ina sehemu mbili za kufunga maji. Valvu ya pili, ya kutokea tanki, iko hukohuko juu ya paa, karibu na tanki.

Akataka kupanda. Nikamkatalia, na hapo tulibishana kidogo. Paa la bati usiku, ngazi, mtu aliyelowa, gizani kwa kuwa umeme umezimwa, hapana. Hakuna dari linalolingana na mgongo wa mtu.

Badala yake tukaamua kulimaliza tanki. Kama huwezi kufunga maji basi yapeleke pasipo na madhara. Akafungua koki ya kufulia iliyoko nje chini, hiyo inalishwa na tanki, na koki ya sinki la jikoni chini, zote mpaka mwisho. Maji yakishuka toka kwenye tanki nguvu yake inategemea kimo, kila mita 10 za kimo ni kama bar 1 ya presha, kwa hiyo koki ya chini ina nguvu kuliko bomba la juu na maji yanapendelea kutokea huko. Ghafla pale bafuni ikabaki inachuruzika tu. Kabla hajafungua nilimwambia ajaze ndoo zote na sufuria kubwa, kwa ajili ya choo na kunywa asubuhi, maana tanki likiisha limeisha. Saa tisa kasoro dakika tano simu ikasema "imekata," na mimi huku nikakaa chini kwa mara ya kwanza tangu simu iite.

Sasa lile tumbo la dari. Watu wengi wanaliacha wakitumaini litakauka, ila jipsamu likishiba maji linaanguka kipande kizima, na likimwangukia mtu sio mchezo. Umeme ukiwa umezimwa alisogeza meza na kapeti, akaweka beseni kubwa, akasimama pembeni sio chini yake, akatoboa tundu dogo kwa bisibisi iliyofungwa kwenye mpini wa fagio, kwenye sehemu iliyoning'inia kuliko zote. Yakatoka maji ya kahawia karibu mabeseni mawili. Dari likarudi juu kiasi. Tundu moja la bisibisi unaziba kwa plasta kidogo, dari lote likianguka ni kazi ya siku kadhaa.

Kwa hiyo saa tisa na dakika kumi hali ilikuwa hivi: maji yamekata, umeme umezimwa, dari limetobolewa, watoto wamehamishiwa chumba cha chini upande wa pili, dada amekaa kwenye ngazi amelowa. Dharura imeisha. Kilichobaki ni kazi ya kawaida ya bomba ambayo ingesubiri jua bila shida yoyote. Nikamwambia ampigie yule fundi amwambie asije. Simu haikupokelewa, tukaacha na ujumbe.

Saa kumi kasoro dakika 20 fundi akagonga mlango.

Nitajaribu kumtendea haki. Aliamka usiku, akaendesha gari, akaja na boksi la vifaa, alikuja mwenyewe na sio mtoto wa kujifunza, hayo ni ya kweli na yana thamani yake. Akapanda bafuni, akamulika kabati, akagusagusa ukuta, akashuka akasema yafuatayo: presha imeshachosha bomba zote za juu, hii ilikuwa ni ya kwanza tu, nyingine zitafuata, lazima zibadilishwe zote za bafu lile na la jirani yake, anaweza kuanza usiku huuhuu, anataka nusu ya hela sasa hivi ili atoe vifaa kwenye gari. Dada akaniweka kwenye spika.

Nikamuuliza, fundi, naomba unionyeshe bomba lililochoka. Akaonyesha ukuta uliolowa. Lakini ukuta umelowa kwa sababu fleksibo imemwaga maji juu yake saa nzima, hauwezi kuutumia kama ushahidi wa bomba la ndani kabla haujakauka. Nikamuuliza tena, unaweza kutuzibia tu pale kwenye engo valvu, ufunge kofia, ili asubuhi tujaze tanki watoto wapate maji, na hiyo peke yake ni bei gani? Hiyo ni kazi ya dakika kumi na tanki likiwa tupu na ingetusaidia kweli, mimi ningeilipia bei ya usiku bila kinyongo. Akakataa. Akasema hawezi kuacha kazi nusunusu, ni zote au hakuna, jina lake litaharibika.

Hapo ndo nikajua. Fundi wa dharura anayejua kazi yake anaanza na kuzuia madhara usiku, marekebisho makubwa yanajadiliwa mchana mtu akiwa ameshapumzika na ameona bei mbili tatu. Anayekuja saa kumi usiku akakataa kazi ndogo ili apate kubwa, na akataka nusu kabla hajafungua boksi, anauza hofu yako. Sisemi alidanganya kuhusu bomba, huenda aliamini, ila hakupima chochote. Hakuuliza presha ya pampu, hakuangalia mita, na kilichonishangaza zaidi hakuinama hata kuitazama ile fleksibo iliyopasuka ambayo ndo ilikuwa mgonjwa mwenyewe.

Tukamwambia asante, hatutaendelea, tutakulipa kuja kwako. Ndo ikaja shida ya pili. Kuja kwake ni kiasi gani? Hakuna aliyejua, maana kwenye simu hakuna bei iliyotajwa. Akataja kiasi ambacho, ili mpate picha, kilikuwa kikubwa kuliko kazi yote ya kesho yake pamoja na vifaa. Akasema kinajumuisha saa moja ya kazi. Tukasema saa moja ya kazi haijafanyika. Mabishano ya mlangoni saa kumi usiku, watoto wameamka, mwanamke peke yake na mwanaume asiyemfahamu sebuleni kwake, nikiwa mbali kwenye spika, kwa kweli hiyo dakika kumi na tano niliichukia kuliko maji. Mwisho tukakubaliana alipwe kuja kwake peke yake bila ile saa, na nikasisitiza aandike risiti iliyo na neno "kufika na kukagua," saa aliyofika, na kwamba hakuna kazi iliyofanyika. Akaandika akaondoka.

Je dada alikuwa anadaiwa? Nimefikiria sana. Kwa maoni yangu ndio, alimwita, akaja, hiyo ni haki yake hata kama maji yalishakata. Kisichokuwa haki ni kuja bila kutaja bei. Na kosa tuligawana, kwa sababu swali la bei linachukua sekunde 20 hata maji yakiwa yanamwagika, na ni mteja ndo anapaswa kulilazimisha. Kuja ni kiasi gani, hicho kiasi kinajumuisha dakika ngapi za kazi, saa inaanza kuhesabiwa ukitoka kwako au ukifika kwangu, baada ya hapo kila saa au kila nusu saa ni kiasi gani, vifaa vinahesabiwa pembeni, na nikikupigia kabla hujafika kuahirisha nadaiwa nini. Fundi akijibu "nikifika tutaongea" piga namba inayofuata. Ujumbe mfupi wa maandishi baadaye, "tumekubaliana kufika ni kiasi hiki pamoja na nusu saa ya kwanza," unamaliza ubishi wote ule wa mlangoni.

Asubuhi jirani akatupa namba ya fundi anayemtumia yeye. Nilipiga mwenyewe, na tofauti niliisikia kabla hajaja. Aliuliza maji yamefungwa wapi. Aliuliza tanki liko juu au chini na kama kuna pampu. Aliuliza engo valvu bado inashika au imekatika kabisa, na bomba la ukutani ni la plastiki la kuchomelea au la chuma. Akaomba picha mbili, moja ya karibu ya nati na moja ya kabati zima, akazitazama akasema atakuja na nini na kwa kiasi gani, na kwamba akikuta kitu kingine ataniambia kabla hajakigusa. Hizo ndo alama za mtu. Swali la fundi kwenye simu linakuonyesha ujuzi wake kuliko picha za kwenye tangazo lake.

Nilifika naye pamoja. Akaifungua ile hozi iliyopasuka akaniwekea mkononi, na hapa nataka mwone nilichoona. Katikati waya zilikuwa zinang'aa kama mpya kabisa. Lakini sentimita mbili za mwisho karibu na ile pete ya chuma inayobana hozi kwenye nati zilikuwa na madoa ya kahawia, na ukipitisha kidole unachomwa, nyaya moja moja zimekatika zimesimama kama miba ya samaki. Pale zilipokatika mpira wa ndani ulikuwa umetoka kama kitambi kidogo na kwenye kitambi kuna mpasuko wa urefu wa ukucha. Yaani kazi ya waya ni kuubana mpira usivimbe, waya zikiliwa mpira unabaki peke yake na presha ya pampu, unavimba kila pampu ikiwaka, unarudi, unavimba, mpaka usiku mmoja.

Na nani alikula waya? Fundi akanyoosha kidole kwenye kabati. Chupa tatu za dawa za kusafishia choo na kung'arishia nguo, zenye klorini, moja kifuniko hakijakazwa. Mvuke wa klorini kwenye kabati lililofungwa unakula chuma, hata kile kinachoitwa hakishiki kutu, na sehemu ya kwanza kuliwa ni pale unyevu unapojikusanya kwenye pete. Kwangu ilikuwa habari mpya kwa namna fulani, nilijua kuwa fleksibo zina umri, watengenezaji wengi wanasema zibadilishwe kati ya miaka 5 na 10, ila sikuwahi kuunganisha kichwani zile chupa na ile hozi. Nyumbani kwangu chupa zilikuwa palepale. Nilizihamisha siku hiyohiyo.

Akabadilisha fleksibo zote mbili, sio iliyopasuka tu, kwa sababu ya moto ilifungwa siku moja na mwenzake na imekaa kwenye mvuke uleule. Engo valvu akaitoa akaweka ya robo duara, ile inayofunga kwa kugeuza mkono kidogo tu. Kwenye thredi za ukutani alizungusha tepu nyeupe kufuata upande ambao valvu inakazwa, ukizungusha kinyume inafumuka unapokaza na hiyo ni sababu ya vitonetone vingi vya mafundi wa haraka. Lakini kwenye nati ya fleksibo hakuweka tepu hata kidogo, nikamuuliza, akasema pale kinachoziba ni washa, kile kipira cha ndani, tepu haina kazi. Akakaza kwa mkono mpaka mwisho halafu robo mzunguko wa spana, akaacha. Ukikaza kwa hasira unakata kile kipira na unarudi mwanzo.

Kisha likaja lile swali la "bomba zote zimechoka." Nilimwambia alichosema mwenzake bila kumtaja. Hakumsema vibaya, akasema tupime. Akatufungulia maji tanki lijae, boya likafunga, tukafunga koki zote za nyumba na kuzuia watu vyoo, akaweka alama ya kalamu kwenye kioo cha mita pale mshale ulipo, halafu akapanda juu akapima kina cha maji kwenye tanki kwa mwiko mkavu. Tukakaa saa nzima. Mita haikusogea, tanki halikushuka hata alama. Mabomba ya ukutani mazima. Alichokuta yeye ni kingine, presha ya pampu ilikuwa imewekwa juu kuliko mahitaji ya nyumba ya ghorofa moja, akaishusha. Kwa hiyo yule wa usiku kwenye neno "presha" hakuwa mbali sana na ukweli, dawa aliyotaka kutoa ndo haikuwa ya ugonjwa ule.

Kuwasha upya nyumba iliyokaukiwa tanki kuna mpangilio wake na watu huharibu vitu hapa, kwa hiyo nalo nalieleza. Pampu haiwashwi mpaka tanki lina maji na bomba lake limejaa, ikizunguka kavu inaunguza sili zake, vile vipira vya ndani vinavyozuia maji yasivuje. Hita ya umeme haiwashwi mpaka koki ya moto itoe maji mfululizo bila kukohoa hewa, kwa sababu kama ilishuka maji ule waya wa kupashia moto unawaka mkavu na unaungua. Koki zinafunguliwa taratibu kuanzia za chini ili hewa itoke. Na tope la chini ya tanki, ambalo miaka yote lilikuwa limelala, limeshuka lote, kwa hiyo vile vichujio vidogo vya kwenye midomo ya koki lazima vifunguliwe vioshwe, sisi kimoja kilikuwa kimejaa mchanga mpaka koki inadondosha tu. Taa ya sebule haikuwashwa mpaka fundi umeme alipoifungua, akaikausha na kuipima, siku ya pili. Vyumba vingine viliwashwa kwanza kwa breka zao.

Kuna nyakati fundi wa usiku lazima aje na sitaki mtu asome hapa akadhani nasema kila kitu kisubiri asubuhi. Maji hayafungiki kabisa na huwezi kuyaelekeza kwingine. Maji machafu yanarudi juu kupitia choo au tundu la bafu, hayo ni ya kiafya na hayasubiri. Choo pekee cha nyumba kimeziba na kuna mgonjwa au mzee. Maji yamefika kwenye boksi la umeme, na hapo wa umeme kwanza. Na kama hita ni ya gesi ukasikia harufu, hapo sio fundi bomba, ni kutoka nje wote bila kugusa swichi na kupiga simu ya gesi ukiwa mbali. Lakini fleksibo iliyopasuka kwenye nyumba ambayo maji yameshakata inasubiri vizuri sana.

Kwenye ile nyumba tuliongeza kitu kimoja tu. Bomba linaloshuka toka kwenye tanki linapita ukutani nyuma ya jiko, fundi akakata pale kwenye kimo cha kifua akaweka valvu ya robo duara yenye mkono mwekundu, sasa tanki linafungwa mtu akiwa amesimama chini na ndala. Dada aliandika kwa kalamu ya rangi TANKI kwenye hiyo na MITA kwenye ya nje, akamfundisha mtoto wake mkubwa, na kila mwanzo wa mwezi mtoto anazifunga na kuzifungua zote mara moja ili zisigande.

Ile hozi na risiti mbili alizihifadhi kwenye bahasha pamoja na picha za dari, kwa ajili ya watu wa bima, ambao kweli waliomba kuona kifaa chenyewe. Dari lilikaa na feni na madirisha wazi kuanzia asubuhi ileile, maana ukungu huanza ndani ya siku moja au mbili kwenye jipsamu lililolowa, na lilipoguswa siku ya kumi na moja lilikuwa kavu kabisa, ndo likazibwa lile tundu la bisibisi na kupakwa rangi.